Mistari Miwili Chini ya Picha Yako

Zaina,

Nimekuficha jambo kwa miaka yote tuliyokuwa marafiki, na sasa nakuambia wakati huwezi kunijibu. Siku ya tamasha la kwanza, ulipopanda jukwaani ukazungumza kwa mikono, na mimi mkalimani wako nimeshika kipaza sauti, sikuwaambia watu ulichosema. Niliwaambia kitu kingine. Ukafa hujui.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeiandika mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuileta hapa. Haibadiliki.

Niko Mlali, kwenye chumba cha mbele ulichokuwa ukikiita studio kwa sababu ya dirisha lake. Miguu imevimba, kiatu hakiingii. Daktari alisema moyo umechoka, akalisema kwa upole kama mtu anayeomba radhi, na mjukuu wangu Sesilia akaandika kwenye daftari vidonge vya asubuhi na vya jioni. Nikilala chali nakosa pumzi, kwa hiyo nakaa. Nikikaa nafikiri. Alizeti imeanza kuinamisha vichwa na sidhani kama nitaiona ikivunwa.

Ni miezi saba tangu tukuzike Kondoa. Ulipenda habari, basi nikupe habari.

Tamasha halijafa. Pendo, yule binti uliyemfundisha kushika kamera, ndiye anayeliongoza. Bado hawana mfadhili. Ukumbi ni uleule wa kuazima pale Dodoma, shuka la kuonyeshea filamu ni lilelile lenye alama ya pasi kwenye kona. Lakini filamu zimekuja nyingi, Zaina, nyingi kuliko ulivyoota. Msichana mmoja wa Kongwa amemrekodi bibi yake kwa simu akifinyanga chungu. Dakika tisa, hakuna anayesema wala anayepiga alama, ni vidole na udongo tu, na ukimaliza kutazama unahisi umeelezwa maisha ya mtu. Kikundi cha viziwi wa Kondoa kitacheza ngoma peku. Ngoma zitawekwa juu ya sakafu ya mbao ili mdundo uwapande miguuni. Na Juma mchekeshaji bado ananiigiza mimi. Anavuta suruali hadi kifuani, anajipangusa chaki, anainama kumsikiliza mtoto asiyetoa sauti, anainama zaidi, anaanguka. Pendo alinionyesha kwenye simu. Nilicheka hadi nikakohoa. Kisha Juma, ili watu wajue anamwigiza nani, akapiga jina langu la alama, vidole viwili vimesimama wima juu ya kiganja, na kicheko kikaniishia.

Jina hilo ulinipa wewe, siku ileile niliyokudanganya.

Kabla yake nilikuwa na jingine. Vifundo viwili vya mikono vimebanwa pamoja, kama vya mtu aliyefungwa. Watoto wa darasa lako walinipa uani, nikiwa mwalimu wenu na bado sijui alama hata moja, na nililibeba kwa zaidi ya miaka ishirini. Viziwi wakinitambulisha kwa wenzao walinitambulisha hivyo, bila hasira, kama unavyomwita mtu Mrefu au Kipara. Ndivyo majina ya alama yalivyo. Hayakuulizi kama unayataka.

Nililipata kwa haki. Mlikuwa kumi na wawili, wa miaka sita, wa miaka saba. Tulifundishwa wakati ule kwamba mtoto kiziwi akiachiwa mikono yake hatatoa sauti kamwe. Basi kila somo la kutamka mlifungwa mikono kwa vipande vya kanga nyekundu yenye madoa meupe. Kama nilivyokueleza ulipokuja kuniuliza ukiwa mtu mzima, ilikuwa amri ya mwalimu mkuu. Nilishika kipande cha karatasi mbele ya midomo yako kitikisike ukisema “paka”. Karatasi ilikuwa haitikisiki. Wewe ulikuwa unanitazama machoni badala ya mdomoni, na vidole vyako vikichezacheza ndani ya kitambaa, na nilidhani ni utundu. Ilichukua miaka kuelewa kwamba ulikuwa unasema.

Siku moja wageni walikuja darasani ukasema “paka”. Walipiga makofi. Uligeuka huku na huku kutafuta paka.

Niache hapo kidogo.

Nataka kuiandika siku ya tamasha ilivyokuwa, maana wewe uliiona nusu yake tu na mama yako aliisikia nusu yake tu. Ukumbi ulijaa. Viziwi walikaa kushoto, kwenye madirisha, penye mwanga wa kuonana mikono. Wanaosikia walikaa kulia: wazazi, walimu wastaafu, watu wa kanisa, mama yako aliyekuja na basi la alfajiri kutoka Kondoa akiwa na kapu la karanga mapajani. Filamu yako ilikuwa ya mwisho. Haikuwa na sauti hata moja, na wa kulia wakahangaika, mmoja akauliza, “Jamani, spika imekufa?” Viziwi hawakugeuka. Alipotokea yule mwalimu mkuu wa kuigiza uliyemwekea mto tumboni, anamkabidhi mwalimu kijana furushi la vipande vya kanga nyekundu, upande wa kushoto ulicheka kwa miguu, mbao zikatetemeka hadi kwenye kiti changu. Kisha hawakucheka tena. Mtoto amekaa. Uso wake hukuuonyesha. Ulionyesha mikono tu.

Filamu ilipokwisha, mikono yao yote ikapanda hewani ikitikiswa. Hayo ndiyo makofi yenu, na sijaona makofi mengine yanayofanana na kitu kilicho hai namna ile.

Ukapanda jukwaani. Mimi nilikaa kiti cha mbele nikikutazama ili nitoe sauti yako. Ulinichagua makusudi. Ungeweza kumpata mkalimani mwingine kutoka mbali. Ulitaka mdomo wangu. Nililitambua hilo ulipofika sentensi ya tatu, na ilikuwa hii, alama kwa alama:

“Mwalimu aliyefunga mikono yetu yumo humu ndani. Sitamtaja. Nataka mdomo wake mwenyewe uwaambie wazazi wetu, kisha asimame.”

Kulia kwangu wazazi walikuwa wananingoja. Mama yako alikuwa ameinua kidevu, jinsi anavyofanya akisikiliza. Nikasema kwenye kipaza sauti:

“Mwalimu aliyetulea yumo humu ndani. Hapendi kutajwa. Namwomba asimame, wazazi wetu wamwone, tumshukuru.”

Nikasimama.

Wanaosikia walipiga makofi, wengine wakasimama nao. Viziwi waliona midomo yangu ikitembea, wakaniona nimesimama, wakaona wazazi wao wananipigia makofi, na wakadhani nimekiri na nimesamehewa. Mikono yao ikapanda hewani. Ukumbi mzima, Zaina. Hakuna upande ulionilaani. Katika jengo lile lote mtu pekee aliyesikia na pia kuelewa mikono alikuwa mimi.

Siku nyingine hujiambia kwamba sikupanga, kwamba mdomo ulitangulia. Hapana. Nilipanga kwa muda wa pumzi moja, na pumzi moja ilitosha.

Ulishuka jukwaani unalia. Ulinishika vifundo vya mikono, ukafanya kama unafungua fundo la kitambaa, polepole, mkono mmoja kisha mwingine, ukakitupa kitambaa kisichokuwepo. Kisha ukawageukia wenzako ukawapa jina langu jipya. Vidole viwili vimesimama juu ya kiganja. Aliyesimama.

Mama yako alinifuata mlangoni akinimiminia karanga kwenye mifuko ya koti. “Mwalimu, kumbe mwanangu anajua kushukuru! Na mimi nilivyodhani ana kinyongo na wewe.” Nilimjibu, “Ah, watoto.” Hilo ndilo jibu nililompa mama yako.

Yeye hakujua alama zaidi ya zile za nyumbani, njoo, kula, lala, baba amerudi. Alichokijua cha moyoni mwako alikijua kupitia mdomo wangu. Siku ulipotaka hatimaye kumwambia yaliyokupata ukiwa mdogo, nilikaa katikati yenu nikamwambia mambo mazuri.

Kisha ukaanza kunipenda. Hapa ndipo ninaposhindwa. Kama ungeendelea kunichukia ningeweza kuuvumilia uongo huu, ungekuwa umekaa mahali pake. Lakini ulikuja Mlali kila Idi na sahani imefunikwa, ukanipigia simu ya picha ukinikaripia kwa kutokula, ukabadilisha taa ya chumba hiki mwenyewe kwa sababu ulisema alama zangu hazionekani kwenye giza. Mke wangu Debora alipofariki ulikaa na wanangu siku zote za msiba. Ulimwambia Pendo, nikiwa nimekaa pale pale, “Huyu ni baba yangu wa pili. Alisimama mbele ya watu wote.” Nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu. Mungu anisamehe ule unyenyekevu kwanza.

Na hospitali. Je, nikuandikie ya hospitali? Daktari alisema uvimbe umefika kwenye ini na hakuna upasuaji tena, na mimi nikakufikishia kila neno, sikuacha hata moja. Kisha ukasema, “Ndiyo maana nakutaka wewe. Huongezi, hupunguzi.”

Nilikuwa nimekaa karibu nawe, goti kwa goti. Ilikuwa ndiyo nafasi. Mikono yangu ilikuwa huru, hakuna aliyeifunga. Niliiweka mapajani. Daktari akauliza, “Amesema nini?” Nikamwambia, “Anashukuru.”

Hata pale, Zaina. Hata pale.

Sasa sikiliza lililonifikisha kwenye barua hii. Wiki mbili zilizopita Pendo alikuja na kompyuta yake. Tamasha la mwaka huu ni la kukuenzi, na anataka lifunguliwe kwa ile hotuba yako ya kwanza, kama ilivyorekodiwa, na sauti yangu juu yake. Na kwa kuwa watakuwepo viziwi wa nchi jirani wasiojua alama zetu, na watu waliopoteza usikivu ukubwani ambao husoma tu, anataka maandishi chini ya picha. Nani ayaandike? Alipiga jina langu, vidole viwili juu ya kiganja, akacheka. “Wewe ndiye unayeijua hotuba ile kuliko mtu yeyote.”

Nilimwambia aiondoe sauti. Filamu ya viziwi, sauti ya nini? Akakataa. “Mimi siwezi kuisikia, lakini mama yake Zaina ameomba. Anasema ile ndiyo siku aliyomsikia mwanawe.”

Mama yako amealikwa, Zaina. Atakaa mbele.

Nimezunguka ndani ya jambo hili kama mbuzi aliyefungwa kambani. Nikiandika nilichosema kwa mdomo, viziwi watasoma uongo chini ya mikono yako wakati mikono yako inasema ukweli, na watanijua. Nikiandika ulichosema kwa mikono, wanaosikia watasoma jambo moja na kusikia jingine, na watanijua. Safari hii kushoto na kulia watakuwa ukumbi mmoja. Nilifikiria kusema siwezi, macho hayaoni. Nilifikiria kufa kabla, sikufichi, nililala bila kumeza vidonge siku mbili, hadi Sesilia alipovikuta chini ya mkeka. “Babu, unawawekea panya dawa?” Alicheka, kisha akatoka nje haraka, na nikamsikia akilia kwenye banda la kuku.

Nilifikiria pia hila moja nzuri sana, na nakuandikia ili ujue bado ninazo. Ningeweza kumwomba Pendo aifute sauti kwa kisingizio cha mikwaruzo, kisha niandike maneno yako ya kweli. Mama yako angeambiwa mkanda umeharibika. Wote wangesoma kwamba ulimwita mwalimu asimame, na wangeniona nimesimama. Ningetoka pale mtakatifu kuliko nilivyoingia. Nilikaa na hila hiyo siku nzima. Ilinipa usingizi mzuri, na ndiyo iliyonitisha.

Jana niliandika. Sesilia alichapa, mimi nikimsomea, na tulipofika sentensi ya tatu vidole vyake vilisimama. Kisha vikaendelea. Nimeweka mistari miwili chini ya picha yako. Wa juu unaanza na neno Mikono, na umeandikwa ulichosema. Wa chini unaanza na neno Mdomo, na umeandikwa nilichosema. Sauti nimeiacha. Mistari hiyo inakaa pale hadi nisimame, na nimeomba picha igande hapo hadi kila mtu amalize kusoma. Mama yako hajui kusoma. Sesilia atakaa ubavuni mwake amsomee yote miwili, sikioni, polepole. Nimempa mtoto huyu kazi ambayo ilikuwa yangu.

Pendo aliisoma asubuhi hii. Alifunga kompyuta. Akaweka vifundo vya mikono yake pamoja, akaniangalia, kama anayeuliza: hivi ndivyo unavyotaka kuitwa? Nikamwambia ndiyo. Alitoka bila kuaga na sijui kama atarudi. Chai yake imebaki mezani, imefanya utando.

Basi jina ulilonipa nalirudisha, Zaina. Nililivaa miaka tisa na halikuwa langu. Naahidi kwamba nikiwa bado napumua siku hiyo watanibeba hadi ukumbini, nami nitakaa upande wa kushoto, penye mwanga, ili anayetaka kuniambia kitu mikono yake ionekane. Nisipokuwepo, mistari itakuwepo. Kwaheri, binti yangu, kama bado naruhusiwa neno hilo. Sikuombi unisamehe. Ulishanisamehe mara moja, mbele ya watu, na ona nilichokifanyia msamaha ule.

Nilitaka kuishia hapo na nimetia sahihi. Lakini limebaki moja, halipo kwenye mistari, na hapo juu nimelirudia bila aibu kana kwamba barua hii siyo ya kukiri.

Ulipokuja kuniuliza, nilikuambia amri ilitoka kwa mwalimu mkuu. Ukamwamini mwalimu wako. Ukamtengeneza yule mzee wa mto tumboni, watu wakamcheka, na yeye mwenyewe alikuwa kaburini. Binti yake alikuwa mstari wa tatu upande wa kulia. Alinijia baada ya filamu, uso umemshuka, akaniuliza, “Mwalimu, kweli baba alifanya hivyo?” Nikamwambia, “Zamani zile, mama, ndivyo mambo yalivyokuwa.” Wewe uliniuliza pia shule ilipata wapi kanga ya rangi ile, maana uliikumbuka hadi madoa yake, nami nikakuambia ilitoka stoo.

Mwalimu mkuu alikuwa anapita dirishani, akaona, akaniita nje akaniambia, “Wafungue.” Nikamwambia ni njia ya kisasa. Hakuwa amesomea viziwi, mimi nilikuwa nimesomea. Akaniachia.

Hakuna aliyeniagiza. Kanga ilikuwa ya Debora. Niliianua kambani Jumapili mchana akiwa kanisani, nikaichana mezani pangu vipande kumi na viwili, kimoja cha kila mtoto, na aliporudi akaitafuta nikamwambia labda imeibwa. Nusu ya pili ya doti ile aliivaa mbele yangu hadi ikachakaa.